Mbwa hakunigusa, gari ndilo lililonigonga: nimdai nani?

*"Nilikuwa narudi nyumbani kwa baiskeli jioni, bado kuna mwanga. Mbwa mkubwa akatoka kwenye geti lililoachwa wazi, akanikimbiza huku akibweka. Nikakata usukani kuelekea katikati ya barabara ili nimkwepe. Wakati huohuo gari lililokuwa likinipita likanigonga ubavuni, nikaanguka. Mtulinga umevunjika, na goti nililofanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita limeanza kuvimba tena. Dereva aliposhuka nilimwambia 'samahani, kosa langu, niko sawa'. Sikuwa nimevaa helmeti. Sasa ni wiki ya sita. Kampuni ya bima ya gari inasema chanzo ni mbwa. Mwenye mbwa anasema mbwa wake hakuniuma wala hakunigusa, niliogopa mwenyewe. Majirani wanasema mbwa huyo hukimbiza kila baiskeli inayopita. Juzi bima ya gari wamenitumia fomu: watanirudishia gharama za hospitali nilizokwisha kulipa, nami nitie sahihi kwamba sina dai lingine lolote. Je, nisaini? Na kama ni kudai, nimdai nani kati ya hawa wawili?"*

Pole sana ndugu yangu kwa maumivu, na pole kwa wiki sita za kurushwa huku na huku kama mpira. Nianze na lenye haraka: fomu hiyo usiitie sahihi leo wala kesho. Sababu nitazieleza mbele, ila kama utaishia kusoma hapa, shika hilo.

Katika maelezo yako naona hofu tatu. Unaogopa kwamba kwa kuwa mbwa hakukugusa, mwenye mbwa ameponyoka. Unaogopa kwamba ukimchagua mtu wa kumdai ukakosea, umekosa vyote. Na unaogopa kwamba kinywa chako mwenyewe, pale kando ya barabara, kilikwisha kukuhukumu. Hofu ya kwanza haina msingi katika nchi nyingi. Ya pili inatokana na swali ambalo huna haja ya kulijibu. Ya tatu ina ukweli ndani yake, lakini si mwingi kama unavyodhani.

Tuanze na mbwa. Watu wengi huamini kwamba kesi ya mbwa ni kesi ya meno, na imani hiyo haikuota hewani. Zipo sheria zilizoandikwa kwa ajili ya kuumwa tu. Huko California, Marekani, kifungu cha 3342 cha sheria ya madai kinamtaka mwenye mbwa alipe hata kama mbwa wake hakuwahi kumuuma mtu kabla ya siku hiyo, lakini neno lililotumika ni kuuma. Mwendesha baiskeli aliyeangushwa bila kuumwa hapiti mlango huo. Asichokwambia mwenye mbwa wako ni kwamba nyumba ina milango mingine. Minnesota, katika Marekani hiyohiyo, sheria inamgusa mbwa anayeshambulia au kujeruhi, si anayeuma peke yake. Kifungu cha 833 cha kanuni ya madai ya Ujerumani na kifungu cha 1243 cha Ufaransa vinazungumzia madhara yaliyosababishwa na mnyama, bila kuuliza aliyasababisha kwa jino, kwa kwato au kwa kumtia mtu mbio. Kile cha Ufaransa kinaongeza kwamba ni mamoja mnyama alikuwa chini ya uangalizi au alikuwa ametoroka. Na hata pasipokuwa na sheria maalumu ya wanyama, karibu kila mahali lipo dai la kawaida la uzembe, ambalo kwa lugha nyepesi ni hivi: ulijua una mbwa anayekimbiza baiskeli, ukaacha geti wazi, mtu akaumia.

"Uliogopa mwenyewe" ni hoja ya zamani kuliko baiskeli, na ilishindwa zamani. Mwaka 1773 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Scott dhidi ya Shepherd. Shepherd alirusha fataki inayowaka ndani ya soko. Ikaangukia kibanda cha mtu. Mtu mwingine akaidaka na kuitupa mbali ili kujiokoa, ikaangukia kwa wa tatu, naye akaitupa, ikamlipukia Scott usoni na kumtoa jicho. Shepherd alijitetea kwamba yeye hakumrushia Scott. Mahakama ikasema waliotupa katikati walikuwa wakijiokoa tu, na tendo la mtu anayejiokoa halikati mnyororo unaorudi kwa aliyeianzisha hatari. Mwaka 1816, katika Jones dhidi ya Boyce, abiria wa gari la farasi aliruka chini hatamu zilipokatika, akavunjika mguu. Gari lenyewe halikupinduka; angebaki kitini pengine asingeumia. Bado alishinda, kwa sababu aliyekutia katika hali ya kuchagua kati ya hatari mbili kwa nukta moja hawezi kukulaumu baadaye kwamba hukuchagua vizuri.

Wewe ulikata usukani. Huo ndio mruko wako kutoka kwenye gari la farasi. Sheria haiulizi ni nini kilikugusa; inauliza ni nini kilikusukuma ufanye ulichofanya, na kama mtu mwingine mwenye akili timamu mahali pako angefanya hivyo. Mbwa mkubwa anapokuja mbio kwenye miguu inayozungusha pedali, kumkwepa ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa nikupe na upande wenye ugumu, usije ukaenda kwa wakili ukiwa na matumaini yasiyo na breki. Mwaka 1932 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliamua kesi ya Fardon dhidi ya Harcourt-Rivington. Mbwa alifungiwa ndani ya gari lililoegeshwa, akaruka-ruka, akavunja kioo, na kipande kikamwingia mpita njia jichoni. Mpita njia alishindwa. Majaji walisema mtu hutakiwa kujihadhari na yale yanayotazamiwa kutokea, si na miujiza. Kwa hiyo swali litakalomtesa mwenye mbwa wako, au kumwokoa, ni hili: je, alitazamia, au alipaswa kutazamia, kwamba mbwa wake akitoka getini atamwangusha mwendesha baiskeli?

Hapo ndipo majirani wako wanapogeuka kuwa dhahabu. Utasikia watu wakisema sheria inampa kila mbwa ruhusa ya kuuma mara moja. Hakuna ruhusa kama hiyo. Kilichopo, katika nchi zilizorithi mkondo wa sheria za Uingereza, ni kanuni kwamba mwenye mnyama wa kufugwa huwajibika kwa tabia mbaya ya mnyama ambayo alikuwa akiijua. Tabia inayotakiwa kujulikana ni ileile iliyoleta madhara. Kwako wewe huna haja ya kuthibitisha kwamba mbwa ni mkali au aliwahi kung'ata mtu. Unahitaji kuthibitisha kwamba hukimbiza baiskeli na kwamba mwenyewe anajua. Jirani aliyewahi kumwambia "mfunge mbwa wako, karibu amwangushe mwanangu" ana uzito kuliko majirani 10 watakaosema mbwa huyo anatisha. Na ukitafakari, mwenye mbwa akisema kwamba mbwa wake huwa hang'ati, huwa anakimbiza tu, huko ni kukiri, si kujitetea.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wakili wako lazima auchunguze. Kesi ya Searle dhidi ya Wallbank ya 1947 ilihusu mwendesha baiskeli aliyegongana usiku na farasi aliyekuwa amepenya ua mbovu hadi barabarani. Alishindwa. Majaji walishikilia kwamba mwenye ardhi iliyopakana na barabara hakuwa na wajibu wa kuwazuia wanyama wake wa kufugwa wasitoke. Uingereza yenyewe iliifuta kinga hiyo kwa Sheria ya Wanyama ya 1971, na nchi nyingine zimeiacha kwa njia zao, lakini kanuni za zamani zina tabia ya kuendelea kuishi katika nchi zilizozirithi mpaka bunge au mahakama izizike. Kampuni za bima huzikumbuka vizuri zaidi kuliko sisi.

Tuje kwa dereva. Yeye amejificha nyuma ya mbwa, na wewe umemruhusu. Nikuulize: alikuwa mbali nawe kiasi gani alipokuwa anakupita? Sheria za nchi nyingi huweka umbali wa kumpita mwendesha baiskeli. Ujerumani tangu 2020 ni angalau mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Kanuni za barabara za Uingereza, zilipofanyiwa marekebisho Januari 2022, zinataka angalau mita 1.5 kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, na zaidi ya hapo kwa mwendo mkubwa. Wengi hudhani umbali huo ni adabu tu. Umewekwa kwa sababu baiskeli huyumba: hukwepa shimo, hupigwa na upepo, hukimbizwa na mbwa. Ile mita na nusu ni nafasi ya kosa ambalo bado halijatokea. Kama ungekuwa na nafasi hiyo, pengine ungekata usukani, ukatetemeka, ukamtukana mbwa na kwenda zako. Dereva anayesema "alinijia ghafla" inabidi kwanza aeleze kwa nini alikuwa karibu kiasi kwamba hatua moja ya pembeni ilitosha kugongana.

Ninasema pengine kwa makusudi. Kama ulikata mita mbili kwa nukta moja na yeye alikuwa ameacha nafasi ya kutosha, dai dhidi yake linadhoofika sana katika nchi zinazotaka uzembe wa dereva uthibitishwe. Zipo nchi ambako mzani umegeuzwa. Uholanzi, chini ya kifungu cha 185 cha sheria ya barabarani, mwenye gari huwajibika kwa mwendesha baiskeli aliyegongwa isipokuwa aonyeshe kwamba kilichotokea hakingezuilika kwa namna yoyote. Mahakama zikajenga juu yake kwamba majeruhi mwenye miaka 14 au zaidi hupata angalau nusu hata kama naye ana kosa, ilimradi hakukusudia wala hakucheza na maisha yake waziwazi. Ufaransa, sheria ya Julai 1985 inayojulikana kama sheria ya Badinter humlipa mwendesha baiskeli madhara ya mwili karibu kila mara gari linapohusika, na makosa yake ya kawaida hayahesabiwi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza wakili wa hapo ulipo ni kama mzigo wa kuthibitisha uko kwako au kwa dereva. Jibu la swali hilo moja hubadilisha thamani ya kesi kuliko jambo lingine lolote.

Sasa lile swali lako la nimdai nani. Kwa kawaida, wote wawili. Ajali moja inaweza kuwa na wazembe wawili, na sheria hailazimiki kumtafuta mmoja wa kubeba vyote. Tuseme hasara yako yote ni 100, na mahakama inaona mwenye mbwa anabeba sehemu 50, dereva 30 na wewe 20. Unapata 80. Katika nchi ambako wadaiwa huwajibika kwa pamoja na kila mmoja kwa deni zima, unaweza kuzichukua zote 80 kwa bima ya gari, kisha hao wakamfuate mwenye mbwa wenyewe. Katika nchi ambako kila mmoja hulipa fungu lake tu, dereva anatoa 30, na kama mwenye mbwa hana kitu, zile 50 ni hewa. Kuna na mchanganyiko: California tangu 1986 deni la pamoja limebaki kwa hasara za kifedha, ilhali fidia ya maumivu kila mtu hubeba lake.

Unaona sasa kwa nini kumwacha mmoja nje ni hatari. Ukimshtaki dereva peke yake, atakaa mahakamani akikinyooshea kidole kiti kisicho na mtu: mbwa, mbwa, mbwa. Asiyekuwepo hajitetei, hivyo lawama hulundikwa kwake bila pingamizi. Wakiwepo wote wawili, kila mmoja anafanya kazi ya kuthibitisha uzembe wa mwenzake, na wewe unasikiliza. Nimekwisha kuona kesi ambazo nusu nzuri ya ushahidi wa mdai ililetwa na wadaiwa.

Na wewe je, una lako? Inawezekana, na ni afadhali ulijue mapema. Zamani, tangu kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester ya 1809, mdai aliyekuwa na kosa lake hata dogo alikosa kila kitu. Uingereza iliachana na ukali huo mwaka 1945; sasa fidia hupunguzwa kwa kiasi cha kosa. Lakini bado kuna mahali ambako tone moja huharibu mtungi: majimbo ya Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia nchini Marekani. Majimbo mengine mengi ya huko hukunyima ukifika nusu au ukiipita. Ndiyo maana mtu wa bima anapokuuliza kwa sauti ya upole, "lakini hukuangalia nyuma kabla ya kukata usukani, sivyo?", hatafuti kukujulia hali. Maneno hayo yana bei.

Helmeti imekunyima usingizi bure. Kwanza, kutoivaa si kosa la kisheria kila mahali. Australia ni lazima, Uingereza si lazima. Pili, hata pale mahakama inapokubali kwamba mtu mwangalifu angeivaa, bado kuna ngazi ya pili: anayekulaumu athibitishe kwamba helmeti ingepunguza jeraha lenyewe. Katika Smith dhidi ya Finch, kesi ya Uingereza ya 2009 ya mwendesha baiskeli aliyeumia kichwa, jaji alikubali ngazi ya kwanza lakini mdaiwa akaanguka kwenye ya pili. Wewe umevunjika mtulinga na kuumia goti. Helmeti haikingi mtulinga. Mtu akiitaja katika mazungumzo ya malipo, mwulize kwa utulivu inahusiana vipi na bega lako.

Kuhusu "samahani, kosa langu", nchi nyingi zinajua kwamba binadamu aliyeanguka huomba radhi hata kwa nguzo ya umeme. Sheria ya Fidia ya Uingereza ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. British Columbia huko Kanada ilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka huohuo. California hutenganisha: maneno ya huruma yamekingwa, lakini kauli ya "ni kosa langu" haikukingwa. Hata pale inapopokelewa, ni ushahidi mmoja kati ya mingi. Ulikuwa umetoka kugongwa, mfupa umevunjika, hukuwa umempima dereva umbali wake. Hata "niko sawa" ulilisema ukiwa na mtulinga uliovunjika, jambo linaloonyesha wazi jinsi kauli za wakati ule zisivyo kipimo. Eleza hivyo ukiulizwa, usijaribu kukana kwamba ulisema. Mtu anayekana lililosikika huwa hasadikiki hata katika ya kweli.

Sasa goti, na hapa ndipo fomu ile inapoonyesha ubaya wake. Wanakupa gharama ulizokwisha kulipa. Gharama hizo ni za bega. Goti ndilo linaloendelea kuvimba, na hakuna anayejua kama litapoa kwa mazoezi au litarudi kwenye meza ya upasuaji. Ukisaini kwamba huna dai lingine, upasuaji huo ni wa mfuko wako. Hati za namna hiyo ni vigumu sana kuzivunja. Kusema "sikujua goti litakuwa baya" kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu kutojua ndiko hasa walikokununua. Fidia ya jeraha hulipwa mara moja, kwa yaliyopita na yajayo pamoja: matibabu, kipato ulichokosa na utakachokosa, msaada wa nyumbani, maumivu, na yale uliyokuwa ukiweza kufanya usiyoweza tena. Ndiyo maana mawakili husubiri mpaka daktari aseme hali imetulia au angalau aeleze inakoelekea. Kama fedha zinakubana sasa, omba malipo ya awali yasiyofunga madai. Kampuni nyingine hukubali, hasa zinapoona haziwezi kukwepa.

Watakwambia goti lilikuwa bovu tangu zamani. Ni kweli, na haiwasaidii kama wanavyodhani. Aliyekuumiza anakuchukua ulivyo. Hawezi kulalamika kwamba angemgonga mtu mwenye goti zima. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba goti hilo lingeharibika hata bila ajali, basi alipe tu tofauti aliyoileta au miaka aliyoiharakisha. Tofauti hiyo hupimwa kwa rekodi: lilikuwaje mwaka jana, likoje leo. Kwa hiyo mweleze wakili na daktari kuhusu upasuaji wa zamani siku ya kwanza. Mficha uchi hazai. Kesi nyingi nzuri hazikufa kwa sababu ya jeraha la zamani. Zilikufa kwa sababu jeraha hilo lilifichwa kisha likafukuliwa na upande wa pili.

Kuhusu ushahidi sitakuandikia orodha ndefu, maana wiki sita zimepita na kilicho hai ndicho cha kukimbilia. Picha za kamera za nyumba na maduka ya jirani hufutwa zenyewe baada ya siku au wiki chache. Kaulize leo, ukiomba kwa maandishi zitunzwe. Muulize dereva, au kampuni yake ya bima, kama gari lilikuwa na kamera ya mbele. Kama simu au saa yako hurekodi safari, usifute. Mstari wa ramani unaonyesha mwendo wako na pengine hata pale ulipokata kona. Baiskeli usiitengeneze mpaka imepigwa picha vizuri, maana mkwaruzo wa rangi huonyesha gari lilikugusa wapi, na urefu wake kutoka ardhini huonyesha ni sehemu gani ya gari iliyokugusa. Majirani waandike walichokiona kwa maneno yao wenyewe, na tarehe. Uliza pia mamlaka inayoshughulikia wanyama kama kuna malalamiko ya nyuma, kisha peleka la kwako. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya mbwa hatari ya 1991, mbwa anaweza kuhesabiwa kuwa nje ya udhibiti kwa hatari hata kwa kumfanya mtu ahofu kwa sababu za msingi kwamba ataumizwa. Ripoti ya namna hiyo hubaki kwenye kumbukumbu, na mwenye mbwa hawezi tena kusema hakujua.

Muda wa kufungua kesi hauna huruma, na mara nyingi haujali kwamba mnajadiliana. Uingereza ni miaka 3 tangu kuumia au tangu ulipojua. California ni miaka 2. Ujerumani ni miaka 3 inayoanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka uliojua madhara na mhusika. Ufaransa ni miaka 10 tangu hali ya jeraha ilipotulia. Kama gari lile lingekuwa la serikali, mahali pengine ungekuwa na miezi tu ya kutoa notisi; California ni miezi 6. Usidhani barua za kirafiki za bima zimesimamisha saa. Mara nyingi hazijaisimamisha, na wao wanajua.

Je, inafaa kuhangaika? Nikupimie kwa uaminifu. Fedha za uhakika ziko upande wa gari, kwa sababu bima ya gari kwa watu wengine ni ya lazima karibu kila nchi. Mwenye mbwa anaweza kuwa na lawama kubwa na mfuko mtupu. Hata hivyo usimfute kabla hujauliza: bima ya nyumba huko Marekani mara nyingi hubeba madhara ya mbwa, na baadhi ya majimbo ya Ujerumani, kama Berlin na Hamburg, yamefanya bima ya mbwa kuwa ya lazima. Kama jeraha lako lingekuwa michubuko na wiki moja ya kuchechemea, ningekushauri upokee gharama zako na uendelee na maisha, maana kesi nayo hula: hula muda, hula usingizi, na wakili anayelipwa asilimia hula fungu lake. Lakini mfupa uliovunjika pamoja na goti lisilojulikana mwisho wake si michubuko. Hapa wakili wa madai ya majeraha anastahili kuonwa ana kwa ana, kabla ya fomu yoyote. Wengi hawatozi mkutano wa kwanza. Muulize analipwaje ukishinda na ukishindwa, nani hulipa gharama za upande wa pili, na ana kesi ngapi za wanyama alizozifikisha mwisho. Akikuahidi kiasi cha fedha kabla ya kuona rekodi za goti, tafuta mwingine.

Kwa daktari urudi wiki hii, si kwa ajili ya kesi. Goti linalokwama, linalolegea ghafla unaposhuka ngazi, au linalozidi kuvimba linahitaji mtaalamu wa mifupa. Ganzi au udhaifu wa mkono upande wa mtulinga uliovunjika nao usisubiri. Na kwa kuwa ulianguka bila helmeti: damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu kwa wiki kadhaa baada ya kuanguka. Kichwa kinachouma kila siku zaidi, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa wasomaji wengine ambao wao mbwa aliwauma: jeraha la meno lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mwenye mbwa anaapa amechanjwa.

Bima wakipiga simu kabla hujamwona wakili, huna haja ya kuwa mkali wala kueleza lolote. Usikubali kurekodiwa. Waandikie tu: "Nimepokea fomu yenu. Bado niko kwenye matibabu na siwezi kukubali malipo ya mwisho. Naomba mhifadhi picha, rekodi na maelezo yote ya dereva kuhusu ajali hii; nitawajibu kupitia wakili." Tia tarehe, tunza nakala, na nakala nyingine ya barua kama hiyo ipelekwe kwa mwenye mbwa.